Nimekulia Moravian, nataka kuzijua dini nyingine kwa utaratibu. Nianzie wapi hapa Mbeya?

Mdau wa Sokomatola

Wakuu, habari za jioni. Nimelelewa Moravian, kipaimara nimepata, na kanisani bado naenda. Sitafuti kuhama. Ninachotaka ni kuzijua dini za watu wengine kutoka kwa wenyewe, siyo kwa kusikiasikia. Uislamu kwanza, halafu Uhindu, Ubahai, Ubudha, na dini ya asili ya wazee wetu huku Nyanda za Juu Kusini, ambayo tunaishi nayo kila msiba na hatuijui.

Naomba wenye kuelewa mnisaidie: nianze na kusoma au na kutembelea? Asiye Muislamu anaruhusiwa kuingia msikitini? Kuna mambo gani mgeni anayakosea akawaudhi wenyeji bila kujua? Na nyumbani nieleze vipi? Mama akiona Kurani mezani atadhani nimeshasilimu.

Kihesa Juu

Kamwene mkuu. Swali zuri, na umefanya vema kusema mapema kwamba huhami. Sema hivyohivyo kila utakakokwenda, kwa sentensi moja, kabla hujauliza chochote. Wenyeji wakishajua umekuja kujifunza wanatulia, na wewe unaepuka kushawishiwa kila dakika.

Usizichukue dini tano kwa mpigo. Chukua moja, kaa nayo walau miezi mitatu. Anayechanganya huishia na jedwali kichwani: hawa wanafunga, hawa hawali nyama, hawa wanavua viatu. Jedwali hilo halimwambii kwa nini mtu anaamka usiku wa manane kwa ajili ya imani yake.

Kuhusu kusoma au kutembelea: tembelea kwanza, soma baadaye kidogo. Na ukitembelea, uliza wanafanya nini, lini, na nani anaruhusiwa, kabla ya kuuliza wanaamini nini. Ukimuuliza muumini wa kawaida habari ya imani, atakupa jibu la kukariri au ataanza kujitetea. Muulize kwa nini amenawa miguu, au kwa nini leo hali nyama, atakueleza kwa raha mpaka mambo ya babu yake.

Tafuta kaunta buku. Kila ukurasa ugawe mara tatu: nilichoona, nilichoelezwa na nani, na nisichokielewa. Hiyo "na nani" usiiache, kwa sababu imamu, mama muumini na kijana wa madrasa watakupa majibu yasiyolingana, na mara nyingi hakuna aliyekosea. Ni tofauti ya madhehebu au ya elimu. Andika jioni ukiwa nyumbani. Mtu anayeandika au kurekodi na simu ndani ya nyumba ya ibada ya watu anaonekana mpelelezi.

Kabla ya hayo yote, ijue dini yako. Wenyeji watakuuliza wewe kwanza. Muislamu atakuuliza Utatu maana yake nini, na ukibabaika mazungumzo yanaishia hapo. Mmoravian ajue Jan Hus, padri wa Bohemia aliyetaka kanisa litengenezwe upya, alichomwa moto mwaka 1415 kwa lipi, kilichotokea Herrnhut, kijiji cha Wamoravian kule Ujerumani, mwaka 1727, na kwamba wamisionari wa kanisa lake walifika Rungwe mwaka 1891. Siyo kwa ajili ya kushindana. Mtu asiyejua anakotoka hana cha kulinganisha.

Jambo moja nakusihi: usianzie kwenye mihadhara ya uwanjani. Pale Mkristo anasoma Kurani kutafuta kosa na Muislamu anasoma Biblia kutafuta kosa, na umati unashangilia anayemziba mwenzake mdomo. Utatoka na aya kumi za kumchoma nazo jirani, na bado hutajua jirani huyo anasali nini alfajiri. Vipande vya video vinavyosambazwa kwenye simu ni vibaya zaidi, kwani vimekatwa mahali jibu lilipoanzia.

Kisheria uko huru: Katiba ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Kwa hiyo chunga unachoandika kwenye makundi ya WhatsApp ukitoka huko.

Ustadhi Mlandege

Asalaam aleikum kwa mnaoitikia, na habari za jioni kwa wote. Ndugu Mdau, karibu.

Kuingia msikitini: sehemu kubwa ya Waislamu wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii asiye Muislamu anaingia msikitini kwa idhini ya Muislamu. Idhini ndiyo neno. Usijitokeze tu. Nenda siku moja kabla, baada ya swala, umwone imamu au katibu wa msikiti, jitambulishe, mpange siku.

Siku yako ya kwanza isiwe Ijumaa wala Idi. Msikiti unafurika, watu wanapanga safu mpaka barazani, na hakuna atakayepata nafasi ya kukueleza kitu. Nenda Alasiri ya siku ya kazi. Ni rakaa nne, kisomo ni cha kimya, swala yenyewe ni kama dakika kumi, na baadaye watu wanakaa kidogo wakizungumza. Ukishaizoea, ndipo uje Ijumaa usikie hotuba: zipo mbili, imamu anakaa kidogo katikati, kisha zinaswaliwa rakaa mbili badala ya nne za Adhuhuri. Wakati wa hotuba usinong'one na mtu. Hata kumwambia mwenzio "nyamaza" tumekatazwa.

Utakapofika, viatu vinavuliwa kwenye kizingiti, na usikanyage zulia navyo hata hatua moja. Kaa nyuma karibu na ukuta. Kosa ambalo wageni wengi hulifanya ni kupita mbele ya mtu anayeswali. Ukitaka kutoka, zunguka nyuma yake au subiri atoe salamu kulia na kushoto. Usijiunge kwenye safu ukainama nao kwa adabu tu. Swala kwetu ina masharti, udhu na nia vikiwemo, na mtu aliyesimama safuni bila hayo anawachanganya walio kulia na kushoto kwake. Kukaa ukatazama siyo utovu wa adabu. Na kabla ya kuja usile kachumbari: kitunguu kibichi na kitunguu saumu, Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye harufu yake kuja msikitini.

Omba uonyeshwe udhu kwa vitendo. Nia, kisha viganja mara tatu, mdomo mara tatu, pua mara tatu, uso mara tatu, mikono mpaka viwiko mara tatu ukianza na wa kulia, kupaka maji kichwani, masikio, kisha miguu mpaka vifundoni mara tatu. Mwezi wa sita na wa saba maji ya bombani hapa Nyanda za Juu yanauma mpaka kwenye mifupa, na ukimwona mzee anayamimina miguuni saa kumi na moja alfajiri utaelewa jambo ambalo kitabu hakikuelezi.

Sasa Kurani. Mkristo anaifungua mwanzo kama Mwanzo ya Musa, anamaliza Alfatiha yenye aya 7, anaingia Albaqara yenye aya 286, na huko anakwama. Sababu ni kwamba sura 114 hazikupangwa kwa mfuatano wa matukio. Kwa ujumla ndefu zimetangulia na fupi ziko mwisho. Aya zinazohesabiwa kuwa za kwanza kushuka ziko sura ya 96. Kwa hiyo fanya hivi: Alfatiha, kwa sababu inasomwa katika kila rakaa. Kisha sura fupi za mwisho, kuanzia ya 93 hadi 114, taratibu, moja kwa siku. Halafu sura ya 12, Yusuf, ambayo ni kisa kimoja kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho na wewe unakijua tayari. Kisha ya 19, Maryam. Hizo zikikukaa, rudi Albaqara.

Tafsiri za Kiswahili zipo. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 ndiyo utakayoikuta majumbani kwa wengi, na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ilitoka 1995. Ujue kwamba al-Farsy aliandika pia kujibu tafsiri ya Waahmadiyya ya 1953, hivyo baadhi ya maelezo yake ya chini ni majibizano ya wakati ule. Soma aya kwanza, maelezo baadaye. Na msahafu usiuweke sakafuni wala chini ya vitabu vingine. Wenye maandishi ya Kiarabu pekee, usiushike mpaka umwulize mwenyewe.

La mwisho kwa leo: mtu akikuambia "sema tu shahada, haina neno", kataa kwa upole. Kutamka shahada mbele ya mashahidi kwa kukusudia ndiyo kusilimu. Siyo jambo la kujaribia, na Muislamu anayeiheshimu dini yake hatakuharakisha.

Mdau wa Sokomatola

Ustadhi, ndaga fijo. Nilikuwa nafikiria Ramadhani nifunge nao siku mbili tatu nione inavyokuwa. Inafaa? Redio ninayo, nitafuata adhana.

Ustadhi Mlandege

Hakuna anayekukataza, ila usiite swaumu. Kwako itakuwa kushinda na njaa pamoja na jirani, na hilo lina heshima yake. Kula daku, kunywa maji ya kutosha, na kama una vidonda vya tumbo au unatumia dawa kwa saa, acha.

Lakini redio ya Dar es Salaam isikufuturishe Mbeya! Dar ipo karibu nyuzi 39 na robo mashariki, Mbeya karibu 33 na nusu. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua la Mbeya liko nyuma ya la Dar kwa takriban dakika 23. Anayefuturu Mbeya kwa adhana ya redio ya Dar anafuturu jua lingali juu ya milima. Iringa tofauti ni ndogo zaidi, kama dakika 14 hivi. Chukua ratiba ya msikiti wa hapo ulipo. Kwa sababu hiyohiyo Adhuhuri ya Mbeya inaingia kati ya saa 6:30 na saa 7:00 mchana kutegemea mwezi, mapema kuliko hapo bado.

Na Ramadhani haikai mahali pamoja. Kila mwaka inatangulia kwa siku 10 au 11, hivyo usiiandike kwenye kalenda ya mwaka ujao kwa tarehe ya mwaka huu.

Mama Uyole

Nawasalimu. Niongeze upande wa akina mama, maana wanaume mkieleza mnasahau kwamba nusu ya wanaotaka kujua ni sisi.

Msikitini ulizia mlango wa wanawake kabla ya siku yenyewe. Mara nyingi uko ubavuni au nyuma, na misikiti mingine midogo haina sehemu ya wanawake kabisa. Gauni refu, mikono mpaka kwenye kiganja, na mtandio unaokaa. Khanga ya kujitupia kichwani inadondoka ukiinama, utakaa unaihangaikia badala ya kusikiliza. Mwanamke aliye kwenye siku zake haswali, kwa hiyo ukimwona dada amekaa pembeni siku hiyo usimwulize kwa nini. Chukua soksi safi, zisizotoboka, hasa Juni na Julai. Sakafu ni ya baridi na viatu viko nje.

Hekalu la Kihindu: hapo pia viatu nje, na mikoba au mikanda ya ngozi ni bora uiache nyumbani, wengine inawakera. Omba ruhusa kwa jumuiya yao kwanza. Wakati mzuri ni ibada ya taa, aarti, asubuhi au jioni. Sinia lenye moto linazungushwa mbele ya sanamu, kengele zinalia, kisha linapitishwa kwa watu. Wao wanapitisha viganja juu ya ule moto na kuvigusisha usoni. Mgeni si lazima. Likikufikia inamisha kichwa kidogo, liache lipite. Baadaye watagawa prasadi, chakula kilichotolewa kwa mungu kwanza, mara nyingi kitu kitamu au tunda. Pokea kwa mkono wa kulia. Hapa ndipo Wakristo wengi wanashikwa na wasiwasi wanakichukua kisha wanakitupa nje, na hilo linaumiza sana. Kama dhamiri yako hairuhusu kukila, usipokee. Weka viganja pamoja kifuani, sema asante. Watakuelewa.

Kwa kusoma, anza na Bhagavad Gita, sura 18, beti 700. Ni fupi na ni mazungumzo ya watu wawili. Ila usidhani umeumaliza Uhindu kwa hicho, kwani hawana kitabu kimoja kinachobeba yote kama sisi. Na usishangae hakuna atakayekuambia ujiunge. Wengi wao hawatafuti waongofu. Pale Kisutu, Dar es Salaam, mahekalu yao kadhaa yako karibukaribu kwenye mtaa mmoja, ukipita huko utaona tofauti zao kwa macho.

Iringa mjini mtaona Jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, jengo la siku nyingi. Wao ni Waislamu wa Shia, lakini swala yao ya jioni ni kwa waumini wao tu. Msigonge mlango wakati wa ibada kisha mkanung'unika mmefukuzwa. Onaneni na viongozi wao mchana.

Kihesa Juu

Mama amesema kweli. Nipite haraka kwa mbili zilizobaki. Wabahai: Iringa wapo, hata sekondari ya Ruaha imeanzishwa na wao. Hawana makasisi. Sikukuu yao ya kila siku 19 ina sehemu ya mashauri ya waumini wenyewe, kwa hiyo omba kwenda kwenye mikutano ya sala na madarasa ya kujifunza, ambayo iko wazi kwa wote. Usitoe sadaka, mfuko wao unapokea kwa Wabahai pekee, bahasha yako itarudishwa. Wanafunga siku 19 mwezi Machi, jua kuchomoza hadi kuzama, na mwisho wake ni mwaka mpya wao.

Ubudha, hekalu liko Upanga, Dar es Salaam, lilianzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne iliyopita. Watawa wa mkondo wao hawali chakula baada ya saa sita mchana, kwa hiyo mgeni anayepeleka chakula jioni kwa nia njema anawapa mtihani. Mwanamke asimpe mtawa kitu mkono kwa mkono, anakiweka mezani.

Mzee wa Tukuyu

Vijana, hamjambo. Mdau mwanangu, hili la mwisho ulilotaja ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halina mlango wa kubisha wala kitabu cha kununua.

Kwanza tenganisha vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya. Tambiko ni ibada ya ukoo au ya nchi. Uganga ni tiba. Ramli ni kupiga bao, mara nyingi kutafuta mchawi, na ramli chonganishi imevunja koo na kuua watu. Ukienda kijijini ukasema "nataka kujifunza mila", watakupeleka kwa mganga, kwa kuwa ndiye anayepokea wageni na anayetoza. Na hao lambalamba wanaopita vijijini wakichimba majumba ya watu wakidai wanatoa uchawi siyo dini ya wazee. Wakae mbali nawe. Sheria ya Uchawi ipo, na ukikutwa kwenye shughuli yao kaunta buku lako halitakutetea.

Anzia kwa ukoo wako. Mwulize shangazi au babu mkubwa: makaburi ya ukoo yako wapi, nani anayesema pale, na anaanza na jina la nani. Anayesema si yeyote mwenye mvi. Ni mkubwa wa ukoo kwa mpangilio, na anawaita marehemu kwa majina kwa kufuata uzazi, asiruke. Ukimpata mzee anayeyajua majina ya vizazi sita au saba, huyo ndiye kitabu, mwandike kabla hajaondoka. Vinavyotumika ni vitu vya nyumbani: unga, maji, pombe ya nafaka, ambayo Wahehe wanaiita ugimbi, kuku, mbuzi au kondoo. Rangi ya mnyama huwa na maana, uliza. Nyama inaliwa palepale na wote, maana bila kula pamoja shughuli haijaisha.

Ukishaijua ya ukoo, panda kwenye ya nchi. Kwetu Rungwe, Lwembe wa Lubaga, mtawala aliyekuwa pia kuhani wa nchi, aliheshimiwa na Wanyakyusa na Wakinga pia. Kwake ndiko mvua na rutuba vilikoombewa, na ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, alikuwepo Kyungu, mtawala wa namna hiyohiyo. Kwa Wahehe na Wabena utasikia jina Nguluvi kwa Mungu na masoka kwa mizimu ya wazee. Ukienda Iringa pita Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Makaburi ya familia yapo, vua kofia na usipige picha kabla ya kuuliza.

Mahali pa tambiko la nchi pana wenyewe. Mgeni hupelekwa na mtu wa pale, siku wanayochagua wao. Miti ya msitu huo hata kijiti usivunje, na ukiambiwa "hapa ndiyo mwisho wako", simama.

Mdau wa Sokomatola

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Sasa hiyo nyama ya tambiko inanipa shida. Mchungaji wangu atasema nimeshiriki. Na nisipokula, wazee je?

Mzee wa Tukuyu

Marahaba. Sema mapema, siku ya kupanga, siyo sahani ikiwa mbele yako. Mwambie mkubwa wa ukoo: "Nitakaa, nitasikiliza, sitakula." Atakupangia pa kukaa. Wazee wanaudhika na anayekuja kama mmoja wao halafu anakataa katikati. Kwangu mimi, mtu wa damu ya ukoo kula nyama ya ukoo si kuasi kanisa, lakini hilo ni langu.

Kihesa Juu

Hapo mimi na mzee tunatofautiana, kwa heshima. Kula pale ndiyo ibada yenyewe, mzee mwenyewe amesema shughuli haiishi bila kula. Ni kama Muislamu aje kanisani kwenu kujifunza kisha apange mstari wa Meza ya Bwana. Angekosea, na mchungaji angemrudisha kwa upole. Pima kwa kipimo hichohicho.

Na kuhusu mama yako: mwambie kabla hujaleta kitabu nyumbani, na mwonyeshe daftari. Kurani usiifiche chini ya godoro. Kitu kilichofichwa ndicho kinacholeta kilio. Kama mnaelewana na mchungaji, mjulishe naye, ili habari isimfikie kwa njia ya jirani.

Halafu popote uendako, kanisa jipya likiwemo, ukiona wanakutaka ukate mawasiliano na ndugu, uache dawa za hospitali, au ukabidhi mshahara na kiwanja, ondoka siku hiyohiyo. Shakahola kule Kenya mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wakifuata mhubiri, wengi wao wamefungishwa hadi kufa njaa.

Mdau wa Sokomatola

Nimeandika yote. Wiki ijayo naenda kumwona imamu. Ustadhi, siku hiyo ya kwanza nimwulize nini, nisionekane nimekuja kumhoji?

Ustadhi Mlandege

Matatu yanatosha. Mwulize watu wa msikiti huu walifika Mbeya kutoka wapi na nani aliujenga. Mwulize watoto wa madrasa wanaanza kufundishwa nini wiki ya kwanza. Mwulize kama anaweza kukukabidhi kwa mtu mmoja wa rika lako utakayekuwa unakaa naye ukija. Hilo la tatu ndilo kubwa, kwani imamu ana misiba, ndoa na madarasa, na huyo wa rika lako ndiye atakayekueleza kila kitu mkitoka nje kuvaa viatu. Nenda baada ya Alasiri, siyo kabla.